Siku Mpira Ulipovuka Misonobari

Kwa miaka kumi na minne sikuwa na picha ya Ignace hata moja. Tunakaa nyumba moja hapa Bellevue, chumba chake na changu vimetenganishwa na ubao tu, nikikohoa ananiambia pole. Harusi ya mwanangu Nusaiba alikuja na suti ya kijivu, akacheza, akala pilau sahani mbili. Sasa fungua albamu uone. Picha ya keki, kisogo cha Ignace. Bibi harusi anatoka nje, kisogo cha Ignace na bega moja. Nilikuwa namtania, "Baba Gaëlle, hivi una uso wako au umeuazima?" Anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja.

Duniani hakuna mtu aliyekuwa na haki ndogo ya kumtania kama mimi. Nitaeleza kwa nini, sitaficha.

Ignace ni Mkongo wa Lubumbashi, Mkristo wa kulia kanisani mpaka shati linalowa. Kwao alikuwa fundi cherehani. Hapa Joburg alianza kwa kulinda magari, halafu mwaka 2009 akapata kazi ya kutunza uwanja wa besiboli, upande ule wa mashariki ukishaipita Troyeville. Besiboli, jamani! Mimi mtu wa Tanga, mpira ninaoujua ni wa miguu, na huo wenyewe naujua kwa makelele ya wanaume. Yeye akirudi jioni na udongo mwekundu mpaka masikioni ananisimamisha jikoni, chapati inaungua, ananieleza. Kuna mrushaji anasimama kwenye kilima. Kuna mpigaji na gongo lake. Kuna vituo vitatu, na cha nne kinaitwa nyumbani. Mpigaji akiupiga mpira ukatoka nje ya uzio, anazunguka vituo vyote polepole, anarudi nyumbani, na hakuna mtu anaruhusiwa kumgusa.

"Hakuna wa kumgusa, Mama Nusaiba," anarudia, macho yanamng'aa.

"Haya, nimesikia. Nipishe nigeuze chapati."

Asubuhi anamwagia udongo maji usitimke vumbi, anausawazisha kwa reki, anachora mistari ya chokaa kwa kamba. Mvua ya mawe ya Novemba ikinguruma anakimbia na turubai kufunika kilima. Kwenye stoo ya uwanja kulikuwa na televisheni kuukuu ya mzee Van Tonder, Kaburu mstaafu, ambaye kazi yake klabuni ilikuwa kuandika matokeo na kupiga video kila mechi. Mzee alikuwa anarekodi mechi za Marekani, za wale wanaolipwa, na wawili hao wanakula mkate na kutazama. Ndiyo maana Ignace anaijua miaka ile kipigo kwa kipigo. Atakusimulia 2013, mrushaji mkongwe wa New York alivyotolewa uwanjani siku ya kuagwa akalia begani kwa mwenzake. Atakusimulia 2014, lile jitu la San Francisco lililorudi kurusha mechi ya mwisho ya fainali baada ya kupumzika siku mbili tu. Atakusimulia 2016, Chicago, watu waliosubiri ubingwa miaka mia moja na nane, na usiku ule wa mwisho mvua ikaja ikasimamisha mchezo robo saa nzima. "Miaka mia moja na nane, na bado mvua!" Hapo hucheka mpaka machozi. Mimi sijawahi kuona cha kuchekesha.

Lakini mchezaji wake hasa alikuwa Tolliver. Novemba 2015 lilikuja kundi la wachezaji wa kulipwa kutoka Marekani, msimu wao umekwisha, kufundisha watoto na kucheza mechi moja ya maonyesho na vijana wa hapa. Walilala hotelini Midrand, wakaja kucheza kwenye uwanja wa Ignace, juu ya udongo wake. Huyo Tolliver, mpigaji wa mkono wa kushoto, aliupiga mpira ukapita juu ya uzio, ukapita juu ya misonobari nyuma ya uzio, ukaangukia barabarani karibu na robot, zile taa za kuongoza magari, teksi ikafunga breki. Hakuna aliyewahi kuvusha mpira misonobari ile kabla ya hapo, wala tangu siku hiyo. Hadithi hiyo nimeisikia mpaka naweza kukusimulia usingizini. Na kila mara anaimalizia vilevile: "Na Gaëlle alikuwa pale. Mtoto wangu aliona."

Gaëlle ni mwanawe wa pekee. Kazaliwa hapahapa Johannesburg, 2007, na cheti cha kuzaliwa anacho. Mama yake, Marcelline, alikuwa msusi, mwanamke mwenye sauti na kicheko, nilimpenda. Januari 2015 alikwenda Lubumbashi kumzika mama yake. Homa ikamkamata hukohuko, na Machi wakamzika yeye. Ignace hakwenda msibani, maana karatasi yake ya hifadhi ilikuwa imekwisha muda, akitoka harudi. Alilia nyuma ya ubao siku tatu, mimi upande huu namsikia.

Mwaka huohuo shule ya Gaëlle ikafungwa. Ilikuwa ya mtu binafsi, kwenye sebule ya nyumba yake, na mwenyewe alihama ghafla na madaftari yote, hakuna aliyejua kaelekea wapi. Shule nyingine zikataka karatasi ya baba. Karatasi ya baba ndiyo hiyo imekwisha. Basi mwaka mzima mtoto wa miaka minane akawa anakwenda uwanjani na baba yake, anamshikia kamba ya chokaa, anaokota mipira kwenye majani.

Sasa sehemu yangu. Mwaka huohuo mdogo wangu Yasini alipigwa picha na mtu wa gazeti akiuza soksi barabarani. Wiki haikuisha, watu wa uhamiaji walimkuta palepale kwenye kona, wakampakia, akarudishwa Dar. Kama ni ile picha au si ile picha, sijui mpaka leo. Lakini wakati ule nilijua, nilikuwa na uhakika wote. Nikamkalisha Ignace jikoni, nikamwambia kwa kidole hivi: "Wewe karatasi huna, na mtoto mama hana. Ukikamatwa, huyu anabaki na nani? Kamera ikija, geuza uso. Mtoto mfunike. Na jina lake la kweli usimpe mtu."

Alinisikiliza kama mtoto wa shule. Laiti angenipuuza siku ile! Watu wangapi wananipuuza kila siku, yeye akanisikia.

Akaugeuza kuwa mchezo wao. Baba akisema "Mvua!", mtoto anainamisha uso palepale, baba anamfunika kwa kofia. Nilimwona akifanya hivyo hata hapa mlangoni, mtu wa kanisani kainua simu tu, "Mvua!", na mtoto kishapotea ndani ya kofia. Nilisifia. Nilisema, huyu kafunzwa akafunzika. Na uwanjani wote wakamjua kwa jina la Orpha.

Mwaka uliofuata Ignace akapata karatasi mpya, Gaëlle akarudi shule, tena akaongoza darasa. Tabia ya kujificha ikabaki. Miaka ikaenda. Msichana akawa mrefu kuliko baba yake, Kizulu na Kiingereza vinatiririka, Kiswahili anakisikia chote lakini anakujibu kwa Kiingereza. Akataka kuwa nesi. Hakuwahi kutaka kitu kingine. Mwaka jana, kabla hajamaliza mtihani wa mwisho, chuo kimoja kikamkubali, kwa sharti moja: mpaka mwisho wa Januari awe na namba ya kitambulisho.

Hiyo namba ndiyo iliyokuwa kazi. Sheria ya hapa inasema mtoto wa wageni aliyezaliwa nchini, akasajiliwa, akaishi hapa bila kukatiza mpaka miaka kumi na minane, anaweza kuomba uraia. Wakili wa msaada, dada mmoja mpole anaitwa Denise, alipanga karatasi zote mwaka kwa mwaka. Kadi ya kliniki. Ripoti za shule. Kila mwaka una karatasi yake, isipokuwa 2015. Na afisa aliyepokea faili hakuwa mjinga. Aliona mama katoka nchini Januari 2015, akaona mtoto hana alama yoyote mwaka huo. Akaandika kwamba inaonekana mtoto alikwenda na mama yake Kongo. Akatoa siku thelathini: leteni kitu kinachomwonyesha mtoto akiwa hapa mwaka huo, la sivyo ombi linakataliwa.

Tulitafuta, mwenzangu. Tulipindua magodoro. Kliniki hawakuwa na kitu. Mwaka ule Gaëlle hakuugua hata mafua, na baba yake alikuwa akimshukuru Mungu kwa hilo. Picha ndiyo usiseme. Nikajitolea kuapa mimi. Denise akaniuliza kwa upole, "Mama, karatasi yako wewe ikoje?" Nikaurudisha mkoba wangu kwapani. Akasema nikiapa nitajitia matatani na sitamsaidia mtoto.

Siku ya kumi na kitu Ignace akaja mbio jikoni, mkononi kashika soksi. Ndani ya soksi mna mpira, mweupe uliogeuka manjano, uzi mwekundu. Tolliver aliutia sahihi siku ile baada ya mechi, akampa mtoto.

"Iko na tarehe! Mama Nusaiba, iko na tarehe!" Kiswahili chake cha Lubumbashi huwa nakirekebisha, siku hiyo sikukirekebisha. Nilipiga kigelegele.

Kisha Gaëlle akauchukua, akaugeuza taratibu dirishani. Tarehe ipo. Sahihi ipo. Na juu yake, kwa maandishi mazuri ya duara: *Kwa rafiki yangu Orpha.*

Ignace alikaa kwenye ndoo. "Aliniuliza jina," akasema. "Ningefanya namna gani?"

Hakunitazama. Afadhali angenitazama, angenitukana, ningepumua.

Denise akasema tumtafute mtu wa klabu aape kwamba Orpha na Gaëlle ni mmoja. Ignace akaenda kwa mzee Van Tonder. Mzee sasa ana miaka themanini, anasikia kwa sikio moja, lakini bado anakuja uwanjani Jumamosi. Alifurahi kumwona Gaëlle, akamwita Orpha, akasema bila shaka anamkumbuka. Lakini kuapa kwamba jina lake ni Gaëlle? Hapana. Yeye ni mtu wa kuandika matokeo, alisema, haandiki asichokiona. Miaka yote alimjua Orpha. Nilimchukia dakika ile. Baadaye nikaona kwamba ndiye pekee kati yetu ambaye hakudanganya.

Ila alikuwa na kitu. "Video," akasema. "Mechi ya Tolliver ninayo yote. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mpigaji, nikaufuata mpira ulivyokwenda. Ulipita juu ya stoo. Na ninyi wawili si mlikuwa mmesimama mlangoni pa stoo?"

"Palepale!" Ignace akasema. "Mlangoni!"

Uso wa mtoto, siku yenye tarehe, na wachezaji ambao dunia nzima inajua ni lini walikuja. Denise alisema kwenye simu kwamba kama uso unaonekana, hiyo inatosha, sura ya miaka minane italinganishwa na picha ya cheti cha shule ya mwaka uliofuata. Usiku ule Ignace aliimba nyuma ya ubao. Nyimbo za kanisa, zaburi, sijui nini, sikumgongea anyamaze.

Jumamosi asubuhi tukaenda wote watatu. Zilikuwa zimebaki siku nne. Mzee kaleta kompyuta yake, kaiweka juu ya mapipa ya chokaa humo stoo, sisi tumebanana nyuma yake. Ignace kavaa suti ya kijivu. Eti kwenda kutazama video, kavaa suti!

Picha ikaanza. Tolliver anasimama, anatikisa gongo, mrushaji anarusha. Ko! Hata mimi nisiyejua kitu nilijua kwamba ule mpira haurudi. Kamera ikapanda nao, ikateleza kulia, polepole, na chini ya picha ukaja mlango wa stoo. Mzee akaisimamisha hapo.

Walikuwapo. Msichana mdogo wa gauni la njano, magoti yana chokaa. Na usoni pake, kuanzia kwenye nywele mpaka kidevuni, kofia ya baba yake, na juu ya kofia mkono wa baba yake, vidole vimetanuka, umekandamiza.

Na Ignace mwenyewe, aliyetakiwa kugeuka, hakugeuka. Mpira ulikuwa angani. Mtu aliyekuwa akiwatazama wale wachezaji kwenye televisheni ya stoo miaka yote, mmoja wao kapiga mpira juu ya udongo alioulainisha kwa mikono yake, angegeukaje? Uso wake wote umeinuliwa, kinywa wazi, meno yote nje, anacheka. Sijawahi kumwona akicheka vile bila kiganja mdomoni. Ungemtambua hata kama umekutana naye mara moja tu.

"Huyo hapo Ignace!" mzee akasema kwa furaha, akagonga kioo kwa kidole. "Unaonekana vizuri kabisa!"

 Mimi nikashika pipa, mkono wangu ukajaa chokaa.

Gaëlle akasema arudishe nyuma. Mzee akarudisha. Akasema tena. Mara tatu tukaona kofia ikipanda. Mara ya tatu nikaona midomo ya Ignace, kabla hajacheka, ikisema neno moja.

Ndipo Gaëlle akamgeukia baba yake, na akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili hakitumii. "Papa, mimi ule mpira sikuuona."

"Uliona, mama. Ulinipa habari yake njia yote mpaka nyumbani."

"Nilisikia mlio. Nilisikia watu. Ndani ya kofia ni giza tu, na jasho lako. Ulikuwa na furaha, Papa. Mama alikuwa amekufa, na wewe ulikuwa na furaha. Nikasema nimeona."

Ignace alitoka nje. Nilimkuta kwenye kilima cha mrushaji, na suti yake, analivuta turubai juu yake, na wingu hakuna hata moja. Nikamwambia, "Baba Gaëlle, ni mimi. Nilikwambia mimi." Akasema, "Mama Nusaiba, shika ile kona ingine." Nikaishika. Tukakifunika kilima chote, tukaweka mawe.

Denise aliipeleka video hivyohivyo, hakuwa na kingine. Jibu lilikuja kabla ya Krismasi. Mtoto aliye kwenye picha hatambuliki. Mtu mzima anayetambulika ni baba, na kuwapo kwa baba nchini hakukuwa na shaka. Ombi limekataliwa. Denise anasema kuna mahakama, anasema miaka miwili, mitatu, na anasema bila kunitazama machoni. Chuo kiliita msichana mwingine. Kwenye faili ya hifadhi ya baba nako Gaëlle hayumo tena, alitolewa alipofika kumi na minane, kwa hiyo karatasi hana. Sasa anaosha nywele za watu saluni, huku Rockey Street, mtoto aliyeongoza darasa.

Mwezi uliopita Nusaiba alimfanyia mwanawe akika hapa uani. Jirani wote walikuja, Ignace na Gaëlle wakaja. Mkwe wangu akainua simu, akasema tujipange. Nikaona Ignace anasogea mbele. Akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akanyoosha shingo, akaitazama kamera bila kupepesa. Uani watu wakageuka kumtazama, maana kila mtu anamjua. Machozi yalinitoka, nikajifanya ni moshi wa jiko.

Pembeni yake Gaëlle alikuwa amegeuka. Ukuta ndio aliokuwa anautazama.

"Geuka, mwanangu," Ignace akasema. "Acha wakuone. Geuka."

"Niache, Papa," akasema. "Wewe karatasi unayo."

Mkwe wangu akapiga. Picha hiyo ninayo kwenye simu, ndiyo ya kwanza na ya pekee. Ignace yumo, uso wote, na karibu na bega lake kuna kisogo cha Gaëlle, misuko imepangwa vizuri sana.